Mtoto mwenye mgongo wazi anapaliwa, sauti imefifia, anakoroma akivuta pumzi: tuongee kuhusu Chiari

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Habari za humu ndani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wanaofanyiwa upasuaji wa ubongo na mgongo, hapa Dar. Nyuzi za kichwa kikubwa na mgongo wazi zipo nyingi, na watu wanauliza kuhusu mrija wa kutoa maji kichwani, kutembea, mkojo na shule. Yote ni ya maana. Ila kuna jambo moja linawaondoa hawa watoto kabla hawajatimiza miaka 2 na hakuna anayelifungulia uzi: ubongo wa nyuma kushuka shingoni. Kwenye karatasi ya rufaa utakuta limeandikwa Chiari II au Arnold-Chiari, mzazi anaikunja karatasi, anaiweka kwenye mkoba, hakuna aliyemweleza.

Chiari ni jina la daktari, Hans Chiari, Mwaustria aliyekuwa Prague. Mwaka 1891 alieleza alichokikuta kwenye maiti za watu waliokuwa na maji kichwani: sehemu ya nyuma ya ubongo imetoka kwenye fuvu na kuingia shingoni. Aliigawa hali hiyo kwa aina. Aina ya pili ndiyo yetu, na karibu kila mtoto mwenye mgongo wazi anayo, nyingine kali, nyingine kimya kabisa.

Inakuwaje? Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, wakati akina mama wengi hata hawajajua kuwa wameshika ujauzito. Usipojifunga, maji ya ubongo yanavuja kupitia mgongoni miezi yote inayofuata. Ndani ya kichwa hayabaki ya kutosha kuutanua upande wa kisogoni, kwa hiyo chumba kile kinabaki kidogo. Ubongo mdogo na shina la ubongo vinakua, vinakosa nafasi, vinasukumwa chini kupitia tundu la fuvu. Vikishakaa pale kama kizibo kwenye shingo ya chupa, maji yanayotengenezwa kila siku hayana pa kupita na kichwa kinaanza kukua. Ndiyo maana mgongo wazi na kichwa kikubwa huandamana.

Maelezo haya yalitolewa na McLone na Knepper mwaka 1989. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani ukayapa nguvu. Watoto waliofungwa mgongo kwa upasuaji wakiwa bado tumboni, kabla ya wiki ya 26, walipofika miezi 12 asilimia 64 ndio waliokutwa ubongo umeshuka. Waliofungwa baada ya kuzaliwa ilikuwa asilimia 96. Waliowekewa mrija walikuwa asilimia 40 kwa 82. Upasuaji wa tumboni kwetu huku ni mbali, lakini nimeutaja ili mjue kuwa jambo hili lina sababu yake na hakuna mama aliyelileta.

Sasa kinachonihangaisha. Shina la ubongo ndilo linaloongoza kumeza, sauti na pumzi. Likibanwa, mtoto anaonyesha hivi:

Ananyonya kidogo anachoka, anapaliwa, maziwa yanarudi puani. Kilio kinakuwa chembamba au cha kukwaruza, wakati mwezi uliopita kilikuwa kinaamsha wodi nzima. Akivuta pumzi kunasikika mluzi au mkoromo, hata akiwa macho. Akiwa usingizini pumzi inasimama, halafu anashtuka. Akilia sana anakata pumzi, anakuwa wa bluu. Nimonia zinarudi kila baada ya muda mfupi. Mikono inalegea, au shingo inajikaza kwenda nyuma.

Sasa angalia haya yote yanaitwaje mtaani. Mluzi ni pumu. Kukata pumzi ni degedege. Kupaliwa na sauti kukauka ni kimeo, anapelekwa kukatwa. Nimepokea mtoto aliyekatwa kimeo na kisu cha mtu, anavuja damu mdomoni, na shida iliyomleta bado ipo palepale, sasa juu yake kuna kidonda kooni na hawezi kumeza kabisa.

Kama mtoto wako ana mgongo wazi na ameanza hata kimoja kati ya hivyo, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mrija. Mrija ukiziba, maji yanajaa juu na kuusukuma ubongo chini zaidi. Dalili za shingoni zinaweza kuja kabla utosi haujavimba. Wengi mrija ukitengenezwa wanapata nafuu bila kuguswa shingo. Kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya mafua kabla mtu hajauangalia mrija. Nenda siku hiyohiyo.

Ulizeni, nikitoka zamu nitajibu.

---

Mama wa Mkundi

Sista asante, nimesoma nikitetemeka. Nipo Morogoro. Wangu wa kiume ana miezi 7, alifungwa mgongo akiwa na wiki moja, mrija aliwekewa akiwa na miezi 2. Tangu wiki iliyopita uji unamtoka puani na usiku ananguruma. Zahanati wamenipa dawa ya kikohozi na ya kupanua kifua. Utosi naona uko kawaida. Macho tu naona kama anatazama chini muda mwingi. Nisubiri kliniki yake ya mwisho wa mwezi?

---

Sista wa Wodini

Hapana mama yangu, usisubiri. Hayo macho ya kutazama chini, weupe unaonekana juu ya mboni, ni dalili ya maji kujaa. Ukiunganisha na uji puani na mngurumo, huyu ni wa leo.

Nenda hospitali ya mkoa, usianzie tena zahanati. Ukifika mapokezi sema maneno haya: "Mtoto ana mgongo wazi, ana mrija kichwani, anapaliwa na anapata shida ya kupumua, naogopa mrija umeziba." Usianze na kikohozi, maana ukianza na kikohozi utapewa foleni ya kikohozi. Beba kadi zote na picha za zamani, wanahitaji kulinganisha.

Njiani mshike wima, kichwa kisiinamie kifuani. Usimlazimishe kula. Akipaliwa mgeuze ubavu.

Na jambo moja zito. Kama ana homa, mtu anaweza kutaka kumtoboa mgongo atoe maji ya kupima homa ya uti wa mgongo. Mwambie ana Chiari na mrija, waongee kwanza na daktari wa upasuaji wa ubongo. Ukitoa maji chini wakati juu kumejaa, ubongo unaweza kushuka zaidi. Kwenye hali hii daktari wa ubongo ana njia ya kuchukua maji kwenye mrija wenyewe.

Nijulishe ukifika.

---

Mzee wa Ukerewe

Sista nakuheshimu ila kimeo kipo. Mimi nimekatwa, wanangu wamekatwa, tumepona. Wazee hawakuwa wajinga. Mtoto anayepaliwa ukimwangalia kooni utakiona kimeo kimerefuka kinagusa ulimi.

---

Sista wa Wodini

Shikamoo mzee wangu. Sibishani kuwa kimeo kipo, kila mtu anacho, na kikivimba kwa maambukizi kinaonekana kirefu. Wanao walikuwa watoto wazima kwingine kote, kikohozi kile kingepita hata bila kisu. Huyu wa mgongo wazi ni mwingine. Kwake kaakaa na kimeo vinaning'inia kwa sababu neva inayovinyanyua imebanwa kule chini ya fuvu. Ukimwangalia utaona kweli kimelala kwenye ulimi. Ukikikata, neva bado imebanwa, chakula bado kinaingia mapafuni. Na mtoto ambaye hawezi kumeza mate yake vizuri, sasa unamwongezea damu ya kumeza. Ndiyo maana nawaomba wazee wetu: kabla ya kumshika mtoto kwa ajili ya kimeo, mgeuzeni muangalie mgongo na mshike kichwa. Kukiwa na kovu mgongoni au mrija nyuma ya sikio, mpelekeni hospitali.

---

Mzee wa Ukerewe

Marahaba. Hilo la neva sikulijua. Nitalisema kwa wanaokata.

---

Baba Kisauni

Hujambo sista. Niko Mombasa. Langu ni tofauti kidogo. Binti yangu ana miaka 9, mgongo wake mzima, hana mrija, darasani yuko vizuri. Alianguka shuleni, akapigwa picha ya MRI ya kichwa, wakaona "Chiari I, milimita 6". Daktari mmoja ametaka apasuliwe haraka. Mwingine anasema tuache. Nimesoma kwenye intaneti, silali. Ulivyosema inaua nimezidi kuogopa.

---

Sista wa Wodini

Baba, pumua kwanza. Ninaposema inaua nazungumzia aina ya pili kwa watoto wachanga wenye mgongo wazi. Ya binti yako ni aina ya kwanza, ni jambo jingine ingawa jina ni moja. Hapo zimeshuka ncha mbili za chini za ubongo mdogo, shina la ubongo liko mahali pake. Wataalamu wamekubaliana kuanzia milimita 5 chini ya tundu la fuvu ndipo waite Chiari I, kwa hiyo 6 imevuka kidogo tu. Tangu MRI zimekuwa nyingi, wanaonekana watoto wengi wa namna hiyo ambao hawana dalili yoyote, na wengi wao hawapati shida. Nimeona mwenye milimita nyingi anacheza mpira, na mwenye chache analia na kichwa kila siku. Milimita peke yake haimpeleki mtoto kwenye kisu.

Kijana wa Tiba yumo humu, namwomba aongezee, yeye ni daktari.

---

Kijana wa Tiba

Nipo sista. Baba Kisauni, nenda kwa daktari wa ubongo na majibu ya maswali haya.

Je, anaumwa kichwa, na ni wapi? Kichwa cha Chiari ni cha kisogoni na shingoni, na huja kwa ghafla anapokohoa, kupiga chafya, kucheka sana au kujikamua chooni. Kinachouma kipajini jioni baada ya simu na jua la mchana, kwa kawaida si hicho.

Je, anakoroma sana au pumzi inakatika usiku? Kaa pembeni ya kitanda chake usiku mmoja usikilize. Mrekodi kwa simu kama ipo, sisi madaktari tunapenda sana kuona rekodi hizo.

Je, mgongo unapinda pembeni? Mwambie ainame aguse vidole vya miguu, angalia kwa nyuma kama upande mmoja wa mbavu uko juu.

Je, mikono inasikia joto akigusa kitu cha moto? Hili watu hulipita. Maji yakizuiwa pale shingoni yanaweza kujikusanya katikati ya uti wenyewe, na neva za kwanza kuumia ni za joto na maumivu. Niliwahi kumwona binti mwenye makovu madogo ya moto kwenye vidole vya mkono mmoja. Mama yake alisema ni mzembe jikoni, anaepua sufuria bila kitambaa. Alikuwa hasikii joto. MRI ya kichwa haikuwa imefika chini, tulipopiga ya mgongo mzima uti ulikuwa na mfuko wa maji toka shingoni hadi kifuani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wako: je, MRI ya mgongo mzima imefanyika? Kama hakuna maji ndani ya uti, hakuna dalili, kupumua ni kwema, wengi tunaangalia tu na kurudia kipimo baadaye. Kukiwa na maji ndani ya uti yanayoongezeka, au mikono inaanza kupoteza nguvu, au pumzi inakatika, hapo upasuaji una hoja nzito.

---

Baba Kisauni

Daktari, kichwa huumwa mara mojamoja, mbele, si nyuma. MRI ilikuwa ya kichwa tu. Na huo upasuaji wenyewe wanafanya nini?

---

Kijana wa Tiba

Wanapanua nafasi. Mtoto analazwa kifudifudi, wanafungua kisogoni, wanatoa kipande cha mfupa chini ya fuvu na mara nyingi upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo. Wengine wanaishia hapo. Wengine wanafungua na utando unaofunika ubongo, wanashona kiraka ili uwe mpana. Kiraka kinatoa nafasi zaidi lakini kinaweza kuvujisha maji, kidonda kikavimba laini kisogoni au kikalowa. Siku za kwanza shingo inauma na kichefuchefu kipo. Ni upasuaji mzuri kwa mtoto anayeuhitaji. Kwa asiyeuhitaji unampa hatari zote bila faida yoyote. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka rai ya pili, na hakuna daktari mzuri atakayechukia ukiitafuta.

---

Sista wa Wodini

Naongezea ya nyumbani, kwa aina zote mbili. Shingo isigeuzwe. Mnawajua vinyozi wetu, akimaliza kunyoa anakushika kidevu na kisogo, anaigeuza shingo ghafla mpaka inalia. Mtoto mwenye Chiari asifanyiwe hivyo kamwe, wala kukandwa na kupindwa shingo kwa mafuta. Mwambie kinyozi kabla hajawasha mashine. Ndoo ya maji kichwani nayo, kwa mwenye dalili tunakataza, abebe kidumu mkononi. Kuruka sarakasi na kutua kwa kichwa, hapana. Kukimbia, kucheza rede, kwenda shule, ruhusa, isipokuwa daktari wake amesema vingine. Msiwafungie ndani.

Na akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, mtaalamu wa usingizi aambiwe kabla, maana wakati wa kuweka mpira wa kupumulia shingo hukunjwa sana kwenda nyuma. Wenye mgongo wazi mtaje pia glovu za mpira, wengi wao huja kupata mzio nazo. Hata mapulizo ya sherehe.

---

Mama wa Mkundi

Sista nimerudi. Tulifika mkoani usiku ule, nikasema maneno kama ulivyoniandikia, wakatupa gari la wagonjwa mpaka Dar. CT imeonyesha maji yamejaa, mrija ulikuwa umeziba upande wa kichwani. Umebadilishwa juzi. Leo kilio kimerudi! Ananyonya ila bado akipewa uji anapaliwa kidogo. Wamesema tuangalie. Watapasua na shingo?

---

Sista wa Wodini

Alhamdulillah. Kilio kurudi ni habari njema sana, ina maana nyuzi za sauti zimeanza kufanya kazi.

Kuhusu shingo, wanasubiri kuona mrija peke yake utafika wapi. Kama mrija unafanya kazi vizuri na bado anasumbuka kupumua na kumeza, ndipo wanafikiria kupanua kule nyuma. Wakati huo hawangoji sana, kwa sababu shina la ubongo likibanwa muda mrefu halirudi lote. Kuna watoto ambao shina lao liliumbwa na hitilafu tangu tumboni, hao hata ukipanua nafuu ni ndogo. Wengine wanahitaji tundu la kupumulia shingoni au mpira wa kulishia kwa muda. Nakwambia ili ukisikia usidhani wamekata tamaa na mwanao.

Kulisha: mketishe wima kabisa, kidevu kiinamie mbele kidogo. Uji mzito unaoshika kijiko, si wa kumiminika, maana mwepesi unakimbilia kwenye njia ya hewa kabla hajajiandaa. Kijiko kidogo, nusu, subiri uone koo linapanda na kushuka ndipo ulete kingine. Akianza kulowa macho au pumzi kuwa na mapovu, acha, pumzika naye. Usimlaze mara baada ya kula. Na tafadhali usimbane pua anywe uji, bado naona bibi wanafanya hivyo wodini.

---

Baba Kisauni

Swali la pembeni. Kuna jirani ana mtoto wa kichwa kikubwa, ameambiwa mrija wa India ni wa bei rahisi haufai, atafute wa Ulaya. Hana uwezo.

---

Kijana wa Tiba

Asihangaike. Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, Benjamin Warf na wenzake waliulinganisha mrija wa Chhabra wa India na wa Codman wa bei kubwa, wakachapisha mwaka 2005, hapakuwa na tofauti ya maana kwa watoto. Mkono wa anayeuweka, usafi, na mzazi kuwahi unapoziba ndivyo vinavyoamua.

Hukohuko Mbale ndiko ilikokuzwa njia ya kutoboa kwa kamera ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, pamoja na kuchoma tishu inayoyatengeneza, hivyo mtoto anaweza kuishi bila mrija. Watoto wa mgongo wazi ni kati ya wanaofaidika nayo. Utafiti wao wa 2017 kwa watoto 100, wa maji kichwani yaliyotokana na maambukizi, ulionyesha akili baada ya mwaka haikutofautiana kati ya njia ile na mrija. Kwa anayekaa mbali na hospitali, kutokuwa na kitu cha kuziba ni jambo kubwa. Si kila mtoto anafaa, lakini aulize. Kenya aulize hospitali ya Kijabe.

---

Mama wa Mkundi

La mwisho dada yangu, nikiwa wodini hapa wenzangu wamenituma niulize. Tukitaka mtoto mwingine? Mimi FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, nilimeza zote kliniki, sikuacha hata kimoja.

---

Sista wa Wodini

Ulimeza vizuri, ila kliniki ya kwanza watu huenda mimba ikiwa na miezi kadhaa, na mfereji ule hufunga kabla ya siku ya 28. FEFO ilisaidia damu yako, mgongo ulikuwa umeshapita wakati wake.

Kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba ni foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba. Kwa aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi kipimo ni kikubwa mara kumi, miligramu 4. Madukani na hospitalini utakuta kidonge cha miligramu 5, ndicho madaktari hukiandika. Anza angalau mwezi mmoja kabla, bora miezi mitatu, endelea hadi wiki ya 12. Usijaribu kukifikia kipimo hicho kwa kumeza FEFO nyingi, madini ya chuma yatakudhuru. Na kama kuna mama anatumia valproeti ya kifafa, asiiache ghafla, amwone daktari abadilishiwe kabla ya kubeba mimba, dawa hiyo inaongeza hatari ya mgongo wazi.

Unga wa viwandani nao angalia alama ya kuongezewa virutubishi, kanuni za nchi zilitoka 2011. Tatizo wengi wetu tunakula unga wa mashine ya mtaani, na ule hauna kitu kilichoongezwa. Kwa hiyo kidonge.

Waambie na hao wenzako wa wodini wajiunge na chama cha wazazi, ASBAHT, wapo wenye watoto wakubwa sasa wanaosoma. Na kabla hujaruhusiwa, mwombe daktari akuandikie kwenye kadi, ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa: MGONGO WAZI, MRIJA, CHIARI II, ASITOBOLEWE MGONGO BILA KUULIZA, na namba ya simu ya wodi. Piga picha ya ukurasa huo, mtumie baba yake na bibi yake, kila anayebaki na mtoto awe nayo kwenye simu.